Mkono Uliopima

Mtu ashukaye garimoshi Tabora akashika njia ya kusini magharibi hufika Kwihara, penye tembe ambamo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Wageni huonyeshwa tembe. Mimi, mzaliwa wa mji huu, hupenda zaidi kutazama miembe na mchanga, kwa kuwa hapo ndipo ilipopita njia kuu ya misafara: kutoka Bagamoyo, kupanda Mpwapwa, kuvuka Ugogo kwa hongo na kiu, hata Unyanyembe, kisha njia ikagawanyika, nyingine ikaenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Biashara yote ya njia ile ilisimama juu ya vipimo. Pembe zilipimwa kwa frasila, na frasila ilikuwa kama pauni 35. Nguo zilipimwa kwa mkono. Burton, aliyefika hapa pamoja na Speke mwezi wa Novemba 1857, aliiandika hesabu yake: mikono minne ni shuka moja, shuka mbili ni doti moja. Na mkono maana yake ni mkono hasa, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati.

Basi fikiri, msomaji. Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi. Doti ya huyu yaweza kuizidi doti ya yule kwa kitambaa cha kumtosha mtoto kilemba. Sidhani kwamba palikuwa na mfanyabiashara mwenye akili aliyesikia neno "doti tano" akanyamaza. Ilimpasa aulize: zimepimwa kwa mkono wa nani? Kuuliza hivyo hakukuwa tusi wala kudhania wizi. Kulikuwa kukiri kwamba kipimo chenyewe ni kiungo cha mwili wa mtu.

Swali hilo ndilo ninalotaka kuliuliza katika vyuo vikuu vyetu leo. Kila mwaka twawatoa vijana kwa maelfu, kila mmoja ameshika karatasi yenye nambari moja na desimali moja: 3.4, 3.7, 4.1. Wenyewe huiita kwa herufi zake tatu za Kiingereza, GPA. Mimi nitaiita wastani. Nasema kwamba wastani huo ni nguo iliyopimwa kwa mkono. Kosa letu si kupima kwa mkono, maana hatuna kifaa kingine. Kosa letu ni kuuficha mkono, kisha kuwachagua watu na kuwakataa kana kwamba tumepima kwa fimbo ya chuma. Wala sisemi kama mtu aliyesimama nje ya nyumba. Mmoja katika mikono hiyo ni wangu.

Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho sitakitaja, nilifundisha kozi ya nathari ya Kiswahili ya zamani. Miongoni mwa vitabu tulivyosoma kilikuwamo Maisha ya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mtu ambaye Tabora ilikuwa kwake kama nyumba ya pili. Wanachuo karibu wote waliandika insha juu ya ujasiri wa mwenye kitabu, au juu ya Kiunguja cha wakati wake. Binti mmoja, mtu wa Unyamwezi, aliandika jambo lingine. Aliuliza: mbona kitabu hiki chakumbuka frasila za pembe kwa hesabu, na watu waliozibeba hakiwakumbuki kwa majina? Kisha akazifuata kurasa moja moja, akionyesha ni wapi mpagazi ana jina na ni wapi yeye ni mzigo unaotembea tu.

Nilijua kwamba nimesoma kitu kizuri. Lakini marejeo yake yalikuwa yamepangwa ovyo, na insha ilizidi kurasa nilizoagiza. Ilikuwa saa tano ya usiku, na karatasi zaidi ya 80 zilikuwa zingali zikiningoja. Nikapunguza hapa alama 2, pale alama 3. Insha na mtihani vilipojumlishwa, kozi nzima ilimpa 69. Niliandika 69 bila kusita. Leo ukiniletea insha ile ile haina jina, siwezi kuapa kwamba sitaandika alama za kumfikisha 71, wala siwezi kuapa kwamba sitamshusha hata 66.

Alipokwisha kuhitimu alinijia ofisini, ameshika kipande cha karatasi. "Shikamoo, Mwalimu," akasema. "Sikuja kuomba alama. Nimekuja unitazamie hesabu hii kama nimekosea." Hakukosea. Shahada yake ilikuwa ya krediti 360. Pointi zake zote, zilipozidishwa kwa krediti na kujumlishwa, zilikuwa 1,366. Gawanya kwa 360, wapata 3.794. Kwa desturi ya chuo kile, tarakimu zote baada ya desimali ya kwanza hukatwa, hazikadiriwi kwenda juu. Basi cheti chake kilisema 3.7. Na matangazo ya kazi ya mkufunzi msaidizi katika vyuo vikuu vya umma hutaka 3.8 katika shahada ya kwanza. Kozi yangu ilikuwa ya krediti 12. Lau ningeandika 70, herufi yake ingekuwa na pointi 5 badala ya 4, jumla yake ingekuwa 1,378, wastani 3.82, na cheti kingesema 3.8. Binti yule alikuwa amekwisha kuyajua hayo yote kabla ya kuja. Alichotaka ni mtu mwingine ayaone.

Nimeyaona, nami sijapata kuyasahau.

Labda yuko msomaji ambaye hesabu hii ni ngeni kwake, na si ajabu. Nimekutana na wanachuo wa mwaka wa tatu wasiojua jinsi wastani wao ufanywavyo. Huungoja kama mtu angojaye mvua. Yafaa ielezwe mara moja kwa uwazi. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania, alama 70 hata 100 ni A, nayo ina pointi 5; 60 hata 69 ni B+, pointi 4; 50 hata 59 ni B, pointi 3; 40 hata 49 ni C, pointi 2; 35 hata 39 ni D, pointi 1; chini ya hapo ni E, isiyo na kitu. Pointi za kila kozi huzidishwa kwa krediti zake, yaani uzito wake, kisha jumla yote hugawanywa kwa jumla ya krediti. Mtu aliyepata B katika kozi ya krediti 12 na A katika kozi ya krediti 8 ana 36 na 40, yaani 76. Gawanya kwa 20, ni 3.8. Asiyejua habari ya uzito hudhani ana 4, kwa kuwa 5 na 3 katikati yake ni 4. Mwisho wa yote, 4.4 na zaidi ni daraja la kwanza, 3.5 hata 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hata 3.4 ni la pili la chini, 2.0 hata 2.6 ni kufaulu tu.

Hesabu ni nyepesi, nayo haina hila. Hila imo katika hatua ile ya kwanza, pale alama inapogeuzwa kuwa herufi. Tuwachukue wanachuo wawili, kila mmoja ana kozi 10 za uzito mmoja. Wa kwanza amepata 69 katika kozi zote. Wa pili amepata 70 katika kozi 5, na 60 katika kozi 5 nyingine. Ukiwatazama kwa alama, wa kwanza ana wastani wa 69 na wa pili 65. Wa kwanza yuko mbele kwa alama 4, wala hakuna kozi aliyoachwa nyuma kwa zaidi ya alama 1. Ukiwatazama kwa pointi, wa kwanza ana 4.0, daraja la pili la juu. Wa pili ana 4.5, daraja la kwanza! Naomba msomaji achukue kalamu aifanye mwenyewe, kwa kuwa nimewahi kuwaonyesha walimu wenzangu hesabu hii wakadhani nawachezea.

Sasa tuwapeleke wanachuo wetu hao wawili safari, pamoja na alama zao zile zile. Wafike Kampala. Katika kipimo ambacho Makerere imekitumia kwa miaka mingi, 70 hata chini kidogo ya 75 ni B yenye pointi 4.0; 65 hata chini ya 70 ni C+ yenye 3.5, 60 hata chini ya 65 ni C yenye 3.0. Wa kwanza atakuwa na 3.5. Wa pili naye atakuwa na 3.5. Wamekuwa sawasawa, na wote wawili wameangukia daraja la pili la chini, ambalo huko hufika hata 3.59. Wavuke waende Nairobi, ambako chuo kikuu hutoa daraja kwa wastani wa alama zenyewe: wote wawili ni wa daraja la pili la juu, na wa kwanza ndiye aliye mbele. Basi katika vituo vitatu, yule yule ametangulia, amelingana, na ameachwa. Wapagazi wa zamani walijua mambo haya katika habari za ushanga: aina iliyopendwa katika nchi moja ilidharauliwa katika nchi ya mbele yake, na msafara uliofunga ushanga usiotakiwa uliweza kulala njaa huku mizigo imejaa. Lakini wao waliuliza kwanza. Kabla ya kuondoka pwani walitafuta habari ya kila nchi na ushanga wake.

Kwa haki, nitasema neno ambalo mtetezi wa vipimo hivi angelisema. Mtahini wa Kampala hujua kipimo chake, na huenda mkono wake ni mkunjufu zaidi wa kutoa 80 kuliko mkono wa mtahini wa Dar es Salaam. Naam, yamkini ni hivyo. Lakini hilo ndilo neno langu hasa! Ukikubali kwamba 70 ya hapa si 70 ya pale kwa sababu mikono ni mbalimbali, umekwisha kukubali kwamba nambari peke yake haisemi kitu hata mkono utajwe.

Yafaa tukumbuke tulivyofika hapa. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London, nasi tukarithi desturi ya Waingereza, ambao kwao 70 ni mlango wa daraja la kwanza na 80 ni alama ya nadra. Kutoka mwaka 1963 hata 1970 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki. Mwaka 1970 nyumba ile ilivunjika, na kila ndugu akaondoka na mkono wake. Baadaye zikaja herufi na pointi, ambazo ni desturi ya Marekani. Nasi tukazivika juu ya mpaka wa Kiingereza wa 70, kama mtu avaaye kanzu juu ya koti. Matokeo yake ni kwamba A yetu ina upana wa alama 31, na B+ ina upana wa alama 10. Mtu wa 70 na mtu wa 95 ni ndugu pacha. Mtu wa 69 na mtu wa 70 ni wageni wasiojuana. Tena kijana wetu mwenye 72, alama ya daraja la kwanza, akiipeleka Marekani bila maelezo, huonekana mbele ya msomaji wa huko kuwa mtu wa C. Mwaka 2017 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kwamba nchi zetu ni eneo moja la elimu ya juu. Tangazo ni jema. Walakini mwanachuo avukaye mpaka wa Mutukula bado anabeba doti zake akiwa hana wa kumwuliza zimepimwaje.

Nchi yetu imekwisha kuyaonja haya katika shule pia, na nashangaa jinsi tulivyosahau upesi. Matokeo ya kidato cha nne ya mtihani wa 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yaliwaonyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa kuwa wamepata sifuri. Serikali iliyafuta, na mwezi wa Mei mwaka ule ule yakatangazwa upya kwa ukokotozi mwingine. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile, kwa wino ule ule. Kwa mtihani wa 2014 tukaacha madaraja tukaingia wastani wa pointi. Mwaka 2016 tukaacha wastani tukarudi kwenye madaraja. Vijana wa mwaka ule mpaka leo wana vyeti ambavyo mwajiri huvitazama kama mtu atazamaye sarafu ya utawala uliokwisha.

Wako wasemao, na miongoni mwao ni mwalimu mmoja mzee ninayemheshimu sana, kwamba maneno yangu ni ya hatari. Aliniambia: "Daktari, nambari haina mjomba. Ukiiondoa nambari mlangoni, mjomba ataingia." Neno hili ni zito, wala sitalipita kwa mzaha. Mzee yule aliona kwa macho yake zama ambazo kijana aliajiriwa kwa jina la kijiji chake. Nambari ilikuja kama ngao ya mnyonge: mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Urambo, asiyejua mtu yeyote mjini, aliweza kuiweka nambari yake juu ya meza na kusema, nitazameni. Mtu atakaye kuivunja ngao hiyo lazima aseme ataweka nini mahali pake.

Namjibu hivi. Kwanza, sisemi nambari iondolewe. Pili, si kweli kwamba nambari haina mjomba. Mjomba amejifunza njia; hangoji tena mlangoni pa kazi, huingia mapema, katika zile alama 40 za kazi za muhula ambazo mwalimu mmoja huzitoa peke yake, faraghani, na hakuna azisomaye mara ya pili. Tena ameingia shangazi naye, nimwite hivyo, yaani huruma ya kupendwa. Kila mwanachuo ajua ni mwalimu gani mwenye mkono mwepesi. Wanachuo hodari, wenye akili ya kuogopa, huzikimbia kozi ngumu za fonolojia na historia ya lugha na kukusanyika katika kozi ambazo A ni karibu sadaka. Hawana lawama. Sisi ndio tuliowaambia kwamba 3.8 ni mlango na 3.7 ni ukuta. Nao wamefanya kama afanyavyo mwenye akili mbele ya ukuta, wamezunguka. Basi ngao ya mnyonge imegeuka kuwa biashara ya mjuzi wa njia. Mtoto wa Urambo, ambaye hakuna aliyemwambia ni kozi zipi za kukimbia, huingia katika fonolojia kwa kuwa aliipenda, akatoka na B.

Na hata akiwapo mtahini asiye na mjomba wala shangazi, bado ana macho. Mwaka 1912, katika nchi ya Marekani, Starch na Elliott wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipeleka mashuleni nakala za karatasi mbili za mtihani wa Kiingereza, na walimu 142 wakazisahihisha. Karatasi ya kwanza ilipata kutoka 64 hata 98. Ya pili ilipata kutoka 50 hata 97. Watu wakasema, hiyo ni lugha, kila mtu na ladha yake. Mwaka uliofuata wakapeleka karatasi ya jiometria, nayo ikapata kutoka 28 hata 95. Zaidi ya miaka 100 imepita. Ningependa kumjua mtu atakayesema kwamba walimu wa Afrika ya Mashariki, wenye karatasi 200 na majuma mawili, wanakaribiana kuliko hao. Mimi mwenyewe sikaribiani na mimi wa jana usiku.

Watu wengine huniambia kwamba kila mpaka lazima uchorwe mahali, na atakayebaki nje kwa alama moja hakosekani. Ni kweli kwa mpaka mmoja. Lakini sisi hatukuchora mmoja. Tumechora wa kwanza kati ya 69 na 70; juu yake tukachora wa pili, wa kukata desimali; juu yake tukachora wa tatu, wa mlango wa kazi. Shaka ya alama moja, ambayo ni ndogo na ya kusamehewa, hupita katika mpaka wa kwanza ikawa pointi nzima, hupita katika wa pili ikawa desimali, hupita katika wa tatu ikawa maisha ya mtu. Na anayesoma cheti mwishoni haoni hata mpaka mmoja katika hiyo mitatu. Aona 3.7.

Wavivu wa vyuo, nikifika hapa, hupenda kunitajia Mwalimu Nyerere. Aliingia shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1937, akarudi mji huu huu kufundisha St. Mary's mwaka 1946, na mwaka 1952 akatoka Edinburgh na shahada ya kawaida, siyo ile ya heshima inayopewa madaraja. Na kweli, kwa shahada ile isingewezekana aitwe hata kwenye usaili wa ukufunzi msaidizi katika idara yangu, naye ndiye aliyetupa Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963. Lakini mfano huu hauwafai wavivu. Yeye alisoma vitabu zaidi ya alivyotahiniwa. Wao hutaka kutahiniwa chini ya walivyosoma. Naukumbuka mfano huu kwa ajili yetu sisi tukaao upande wa pili wa meza, tunaoamini kwamba asiyepita katika tundu letu hakuwa na mwili.

Basi nataka nini? Nataka mkono utajwe. Cheti cha mwanachuo kioneshe, mbele ya kila herufi, alama yenyewe iliyopatikana, na idadi ya waliofanya kozi ile pamoja naye, na ni wangapi waliopata herufi hiyo. A iliyopatwa na watu 3 katika 90 ijulikane kwa jina lake, na A iliyopatwa na watu 70 katika 90 ijulikane kwa jina lake. Hakuna gharama katika jambo hili; hesabu hizo zimo ndani ya kompyuta zetu sasa hivi. Nataka tena kila karatasi iliyo karibu na mpaka, tuseme alama 2 juu au chini, isomwe na mwalimu wa pili asiyejua wa kwanza aliandika nini. Hii ina gharama, nami sifichi: ni jasho, ni usiku, na watu tu wachache. Lakini ni karatasi chache pia, wala si zote.

Kuhusu kukata desimali, sioni hata hoja ya kujibu. Chuo kinachoweza kuhesabu 3.794 hakina sababu ya kuandika 3.7, isipokuwa mazoea.

Na katika kuajiri, mlango uwe mpana zaidi, tuseme kwa kila mwenye daraja la pili la juu. Kisha ndani ya mlango pawe na kazi. Tuwaombe waombaji watuletee insha moja waliyoiandika, tuifute jina, tuisome watatu. Mzee wangu atauliza, na mjomba je? Mjomba hupenda giza la chumba cha mtu mmoja. Mbele ya wasomaji watatu na karatasi isiyo na jina atapata taabu zaidi kuliko alivyopata mbele ya nambari ambayo aliisaidia kuzaliwa. Najua kusoma insha 60 ni kazi kubwa kuliko kupanga nambari 60 kutoka juu kwenda chini. Lakini sisi ni walimu wa fasihi. Idara ya fasihi isiyotaka kusoma ili imjue atakayefundisha fasihi, sijui itasoma lini.

Binti yule sasa anafundisha kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya mkoa wa Tabora. Nilimpitia likizo iliyopita. Alinikaribisha chai na asali ya Sikonge, na juu ya meza palikuwa na rundo la madaftari. Nikamwona ameandika alama kwa penseli, si kwa wino. Nikamwuliza kwa nini. Akasema husahihisha Jumamosi kwa penseli, hurudia Jumanne, na palipotofautiana huita mwanafunzi amsomee insha yake kwa sauti. "Nina wanafunzi 47, Mwalimu," akasema, "yawezekana." Kisha akaniuliza kama bado nafundisha kile kitabu cha Tippu Tip.

Mapendekezo haya niliyoyataja niliyaandika kurasa 4, nikayapeleka mahali panapohusika. Yalirudi baada ya miezi 7 na maneno ya wino mwekundu pembeni, kwamba kwanza yapatikane maoni ya idara zote. Idara zote zimekwisha kujibu isipokuwa mbili, na moja katika hizo mbili ni yangu.